Walioona na Waliosikia

Butembo, Jumapili alasiri

Masika, mwanangu,

Umetoka kwenda kumuaga mama yako wa ubatizo. Mama yako yuko uani anachambua maharagwe ya Musienene ambayo, upende usipende, utayabeba kesho mpaka Beni. Nimeifuta meza na kufunga dirisha ili vumbi la pikipiki lisitue kwenye karatasi. Habari za gari, za mvua, za mfuko wa unga na za nani atakupokea hazimo humu. Mama yako amekwisha kuzisema mara tatu, nawe umekwisha kuitikia mara nne. Mimi nina jambo moja tu, nalo ningepaswa kukuambia uso kwa uso. Nimejaribu. Kila mara niliishia kukuuliza kama umekula.

Nianze na siku ile uliyotuambia unaondoka. Tulikuwa mezani. Ulisema:

— Papa, bamenikubali ku Beni, kwenye nyumba ya kusikiliza. Minaenda.

Ndicho chumba kile cha kituo cha afya ambamo watu waliofikwa na mambo mazito huja kusema, na mtu mmoja hukaa kuwasikiliza. Nikakuuliza kama Butembo imeishiwa na wagonjwa.

— Hapana, Papa. Bagonjwa beko mingi hapa.

— Sasa?

— Kule hakuna mutu ataniuliza kama niliona ao nilisikia tu.

Mama yako akakwambia upunguze sauti, ingawa hukuwa umeipandisha. Mimi niliendelea kula. Lakini nilijua sentensi ile imetoka wapi. Ilikuwa yangu. Umeitunza miaka miwili, na siku ya kutuambia unaondoka ulinirudishia ikiwa nzima, bila kubadilisha hata neno.

Kazi yangu unaijua kwa jina. Nataka uijue kwa namna ilivyonitengeneza. Nilifundisha Kifaransa na Kiswahili miaka kumi na tisa, kisha ofisi moja ya hapa mjini ikanichukua kuandika na kutafsiri maneno ya watu waliokimbia vijiji vya upande wa Beni. Walisema kwa Kinande au kwa Kiswahili chetu, sauti zao zikahifadhiwa, nami nikaziweka katika Kifaransa. Juu ya kila karatasi palikuwa na visanduku viwili: aliyeona, aliyesikia. Swali la kwanza, kabla hata ya kumpa mtu maji, lilikuwa hilo: uliona ao ulisikia? Aliyeona alipewa kiti na muda. Aliyesikia aliandikiwa mistari miwili na kushukuriwa. Siidharau kanuni hiyo. Mbele ya jaji ni kanuni ya haki, maana mtu asifungwe kwa maneno yaliyopita midomo mitano. Kosa langu ni kwamba sikujua kanuni hiyo inaishia wapi. Niliileta nyumbani, nikaiweka katikati yetu, nikaitumia juu yako.

Siku ile ulikuwa jikoni ukizungumza kwa simu na shangazi yako Kahindo, dada yangu mdogo, aliyekuwa kwenye shamba lao la kakao na mume wake. Mlikuwa mkichagua kitenge utakachovaa kwenye arusi ya jirani. Mama yako aliyekuwa anapita alisikia mwanzo wa mazungumzo yenu na ameyashika mpaka leo: wewe ulitaka cha manjano, naye Kahindo, kwa sauti kubwa iliyotoka kwenye simu mpaka mlangoni, akakwambia, «Ya manjano? Utafanana na ndizi, batakukula mbele ya keki!» Mama yako akaenda sokoni akicheka. Watu wa msituni, wale wenye silaha, waliingia shambani muda mfupi baadaye. Kahindo alijitupa kwenye mtaro, simu ikiwa wazi ndani ya kitenge alichojifunga kiunoni. Wewe ulibaki na simu sikioni.

Niliporudi adhuhuri nilikukuta umekaa sakafuni, mgongo ukutani, simu mapajani. Ulisema: «Papa, tantine alikuwa ku telefone. Saa nzima, Papa. Nilisikia saa nzima.»

Nakumbuka kila nilichofanya, kwa mpangilio, na ndivyo ninavyojihukumu. Nilikuuliza nani alikuwa anasema. Nilikuuliza lugha gani. Nilikuuliza kama shangazi yako alikutajia mtu yeyote. Kisha nikaichukua simu mapajani mwako, nikafungua orodha ya simu zilizopigwa, nikasoma, nikakugeuzia kioo uone.

— Si saa nzima, nilisema. Ni dakika kumi na moja.

Uliangalia kioo, ukaniangalia. «Ndiyo, Papa. Kumi na moja.»

Sitaki kujipaka ubaya kuliko uliokuwepo. Saa ile niliamini kwamba usahihi ungeweza kumwokoa dada yangu; kwamba wakitaka kumtafuta wangehitaji kujua lini simu ilianza na lini ilikatika. Nilikimbia na dakika zangu kumi na moja mpaka kwa chifu wa kata, na hakuna aliyezihitaji. Lakini hata kama zingehitajika, hazikuhitajika na wewe. Ulikuwa unanipa kipimo cha kitu ambacho saa haikipimi, nami nikakusahihishia hesabu. Tangu siku ile hujanieleza tena. Simu yako hailii. Umeizima sauti, na katika nyumba hii hakuna aliyewahi kukuuliza sababu.

Kahindo alifika kwetu siku ya tatu kwa miguu, akabaki; mume wake, aliyeuawa siku ile, alizikwa huko huko. Nyumba ilijaa. Majirani walikuja kumlilia, akaketishwa kwenye kiti cha mkono, akina mama wakamzunguka kwenye mikeka. Wewe ulichemsha chai. Ulichemsha chai siku nne. Jirani mmoja alinivuta pembeni akanong'ona, «Na Masika? Mutoto ule iko na macho ya mbali.» Nikamjibu kwa uhakika wa mtu wa ofisi: «Masika hakuwa kule. Alisikia tu.» Ulikuwa nyuma yangu na birika. Sikukuona, lakini uliondoka, na baadaye nikakuta birika limewekwa chini, katikati ya njia, mahali ambapo hakuna mtu anayeweka birika.

Nimeitafakari ile «tu» kuliko nilivyowahi kulitafakari neno lolote katika kazi yangu. Ina herufi mbili. Ilikutoa kwenye msiba wako mwenyewe.

Kwa Kahindo nilikuwa mwangalifu, maana karatasi zangu zilikuwa zimenifundisha ishara za aliyefikwa. Kifuniko cha sufuria kikianguka, tayari amesimama. Hukaa akiutazama mlango. Harufu ya kakao inayoanikwa barabarani humtapisha kabla hajajua ameinusa. Siku ya mazishi ya mtu mwingine alicheka, akaogopa kicheko chake mwenyewe. Hukumbuka kiatu cha mume wake, kamba iliyokatika na kufungwa fundo, lakini uso wake ulimpotea miezi mingi. Haya yote niliyatambua, nikayaheshimu, nikawafundisha majirani wasimshitue kwa kumgusa bega kutoka nyuma. Nawe uliyaona. Ulimwona baba yako akijua kabisa namna ya kumtunza mtu aliyeumia, ukajua pia kwamba elimu hiyo haikuwa yako.

Kilichonifumbua macho hakikuwa huruma. Kilikuwa kosa la tafsiri.

Unamfahamu Maman Angélique, anayepiga chapa karatasi zangu ofisini, yule mwenye miwani ya kamba. Asubuhi moja alikuja kwenye meza yangu ameshika ukurasa.

— Prof, yule mama wa jana alisema «nilisikia». We umeandika «j'ai vu», «niliona».

— Haiwezekani.

— Bon. Soma mwenyewe. Iko mara tatu.

Nilisoma. Ilikuwa mara tatu.

— Prof ameanza kuona mambo ya batu! alisema, akageuka ili na wengine wacheke. — Na hii shati ya kijani, ilitoka wapi?

Mwanamke yule alikuwa amejificha nyuma ya ukuta wa udongo na kusikia watu wakiwaita wanawe kwa majina. Hakuona mtu hata mmoja. Katika tafsiri yangu mmoja wa watu hao alivaa shati la kijani. Tulirudia sauti tangu mwanzo hadi mwisho, Maman Angélique na mimi, vichwa vimekutana juu ya kifaa. Shati halikuwemo. Hakuna aliyelitaja. Na bado, mwanangu, nililijua: nilijua kola yake, nilijua kifungo kilichokosekana. Nililiandika kwa mkono uleule unaokuandikia, bila kusita, kama anayeandika alichokiona njiani akija kazini. Maman Angélique aliacha kucheka. Alivua miwani, akaifuta, akasema polepole: «Prof, kwenda nyumbani.»

Mtu asiyekuwa na tabia yangu angeweza kulichukua kuwa kosa la uchovu. Mimi sijakosea «kuona» na «kusikia» tangu darasa la nne. Nilikwenda nyumbani, nikaketi, nikayapanga mambo ya mwaka ule kwa utaratibu, kama ambavyo ningepanga ushahidi dhidi ya mtu mwingine.

Usingizi nilikuwa nao, lakini ulikuwa hauondoi uchovu. Nyama nilikuwa nimeiacha nikisema ni tumbo. Kanisani nilikuwa nimehamia benchi la mwisho, karibu na mlango, nikisema ni hewa. Nilikuwa nimeacha kucheka vichekesho vya Kahindo, si kwa sababu vilikuwa vimeharibika, bali kwa sababu vilinifikia vikiwa vimechelewa, kama sauti ya mtu aliye ng'ambo ya bonde. Na nilikuwa nimemzuia mama yako kwenda Kyavinyonge kununua samaki, safari aliyokuwa ameifanya tangu hujazaliwa. Unakumbuka tulivyobishana, Kahindo akiwa shahidi? Mama yako alisema, «Unaogopa njia yenye haujapita hata na miguu yako!» Nikamjibu kwamba nina habari. Alikuwa na haki. Niliogopa kona moja ya barabara, yenye kichaka upande wa kushoto na daraja la mbao, na kona hiyo haiko kwenye njia ya Kyavinyonge. Iko kwenye ushuhuda wa mtu wa Oicha. Nilikuwa naogopa kwa niaba ya mtu niliyemwandika.

Kama mtu angeniuliza mapema, ningemjibu kwamba mimi sina haki ya kuumwa. Sikuwepo. Nilikuwa ofisini, kwenye kiti, na chai. Sasa angalia: sentensi niliyokupa wewe ilikuwa ndiyo niliyojipa mimi mwenyewe. Sisemi hivyo ili unionee huruma. Nasema kwa sababu utakutana nayo Beni, kwenye midomo ya watu wengi: dereva aliyebeba majeruhi, mama aliyewaosha wafu, mwalimu ambaye nusu ya darasa lake haikurudi, mtoto aliyekua akisimuliwa. Watakuja kwako na homa, na mgongo, na hasira ya nyumbani, na kila mmoja atakuambia, mimi sikupatwa na kitu. Wataingia wakiwasindikiza «walioumia kweli», kisha watabaki wamesimama mlangoni. Waangalie hao wa mlangoni.

Nilikwenda kwa muuguzi. Kijana mpole, anaweza kuwa rika lako. Aliniuliza kama wanavyouliza wote hapa kwetu: «Papa, unasikia nini?»

Nami, mwalimu wa lugha, nililipima swali lile moyoni neno kwa neno, hata akadhani sikulisikia, akalirudia kwa sauti. Katika Kiswahili chetu tunasikia baridi. Tunasikia njaa, tunasikia uchungu, tunasikia huruma, tunasikia haya. Mtoto akiungua tunamuuliza, unasikia wapi? Neno letu halijawahi kutenganisha sikio na mwili. Nilitenganisha mimi, kwa visanduku viwili vya Kifaransa, nikajiona mtu wa usahihi. Niliporudi nyumbani siku hiyo nilitaka kukuambia. Ulikuwa unafua. Nilisimama karibu nawe, nikakuuliza kama umekula.

Nikaenda kwa Kahindo badala yako. Nilidhani nitamwambia yeye kwanza, kisha atanisaidia kufika kwako. Alikuwa anamenya viazi. Nilianza kwa mbali, nikamweleza habari za aina mbili za maumivu, ya aliyeona na ya aliyesikia, na kwamba pengine nilikuwa nimezipanga vibaya. Alinisikiliza kidogo, kisha akaweka kisu chini, akaniita Yaya, kama tunavyomwita hapa kaka mkubwa.

— Yaya, we ukiona mutu analia, unamuomba kwanza jina na tarehe.

— Kahindo, nasema jambo zito.

— Mi pia. Nani alikuambia mi niliona?

Sikumwelewa. Akainamisha uso, akauficha kwa viganja viwili mpaka pua ikagusa magoti.

— Hivi. Njo hivi nilikuwa ku ule mutaro. Udongo ku macho, udongo ku kinywa. Sikuona mutu, sikuona kisu, sikuona hata bwana yangu. Nilisikia tu, Yaya. Sawa na Masika. Vile alisikia, njo vile nilisikia. Ila mi, ulinipa kiti. Masika, ulimupa birika.

Akaokota kisu, akaendelea kumenya. Baadaye kidogo, bila kuniangalia, akasema kwamba pumzi yako ndiyo kitu pekee alichokuwa nacho mle mtaroni. Hukusema kitu chochote, alisema, lakini alikuwa anasikia unapumua, kwenye kiuno chake, ndani ya kitenge. Alipumua kwa kufuata pumzi yako. Hajakuambia kwa sababu anaogopa kukurudisha kule. Nawe, nadhani, hujamuuliza kwa sababu hiyo hiyo. Mnaishi chumba kimoja, kila mmoja anamlinda mwenzake kwa kunyamaza. Nimemwomba ruhusa ya kuliandika hili. Aliniambia, «Andika. Mi sina kinywa ya ile neno.»

Kwa hiyo nalifuta nililokuambia. Haikuwa dakika kumi na moja. Kile kioo kilipima kitu kingine. Ulisema saa nzima, na wewe ndiwe uliyekuwepo.

Sasa unakwenda mahali ambapo kusikia ndiyo kazi, na ninaogopa. Nimejilazimisha kuichunguza hofu hii kabla ya kukupa, ili usije ukabeba yangu juu ya yako. Vitabu vyako vya shule, nilivyovisoma ulipokuwa hulali ukijiandaa kwa mitihani, vinasema sana «baada ya»: baada ya vita, baada ya tukio. Waandishi wake hawakuandikia Beni. Kule hakuna baada. Mtu anajifunza kulala tena katika kijiji ambacho bado hakijatulia. Kwa hiyo hutaweza kumwambia mtu kwamba hofu yake ni ugonjwa, na pengine itakuwa ndiyo akili yake bora. Njia niliyoipata mimi, na sidai kwamba ni kamili, ni kuiuliza hofu inatazama nini. Hofu nyingine ni habari ya leo: barabara imefungwa, watu wamehama upande ule, usiende. Itii. Nyingine ni habari ya siku iliyopita iliyovaa nguo za leo. Hiyo ina kona yake na daraja lake la mbao. Ukiitazama vizuri utakuta iko mahali pasipokuwa mbele yako. Hiyo haihitaji kukemewa. Inahitaji mtu wa kukaa nayo mpaka itambue iko wapi.

Mtu akikuambia saa nzima, iandike saa nzima. Akianza mwishoni, mfuate kutoka mwishoni. Akikuletea kiatu badala ya uso, pokea kiatu. Na siku utakapojikuta unaijua rangi ya shati ambalo hakuna aliyekutajia, simama, mwambie mkubwa wako wa kazi siku hiyo hiyo, uje nyumbani. Usingoje ikufikie mara ya tatu kwenye ukurasa. Mimi nilingojea, kwa sababu niliamini kwamba mtu makini halowi kwa mvua ya wengine.

Kuhusu simu. Kila habari mbaya itakapofika hapa, vidole vyangu vitataka kukupigia, na najua kitu gani kitatokea mwilini mwako simu itakapoita. Nimefikiri sana kama nina haki ya sauti yako kwa bei hiyo. Sina. Sitakupigia. Nitakutumia maandishi, na hutalazimika kuyajibu siku hiyo, wala kunipa ushahidi kwamba uko salama. Nitangoja kama wanavyongoja wazazi wengine wa mji huu, wenye watoto wao upande ule. Itakuwa vigumu kwangu kuliko ninavyoweza kuandika vizuri, kwa hiyo ugumu huo sitauandika. Nimegundua wiki hii kwamba nazijua hatua zako zote: unavyovua viatu mlangoni, kimoja kwa kidole cha kingine, unavyokohoa mara moja kabla ya kuingia chumba chenye watu. Nimekuwa nikizisikiliza miaka ishirini na mitatu bila kujua kwamba nasikiliza.

*

Naendelea baada ya kukatizwa.

Uliingia na pasi ya makaa, blanketi begani, na ile blauzi nyeupe ya kazi. Ulisema, «Papa, niachie nusu ya meza.» Nilivuta karatasi upande wangu na kuzifunika kwa kiganja. Ukatandika blanketi.

— Unaandika rapport hata siku ya Mungu?

— Ni barua.

— Ya nani?

— Yako.

Ulicheka, ukaona kwamba sikucheka, ukainama kuangalia makaa. Ulipiga pasi mkono wa kwanza wa blauzi, ukapiga wa pili. Kisha, bila kuinua macho kutoka kwenye kola, ukasema: «Papa, siku ile…»

Niliweka kalamu chini.

Uliyoyasema sitayaandika hapa wala mahali pengine. Yalikuja yakiwa yamechanganyika, mwisho mbele, katikati nyuma, na palikuwa na mahali ambapo swali lilinijia lote, likiwa limekwisha kujipanga, nikalimeza. Pasi ilipoa mkononi mwako nawe ukaendelea kuipitisha juu ya nguo ambayo tayari ilikuwa imenyooka. Mama yako aliingia na ungo wa maharagwe, akatutazama wote wawili, akarudi nyuma kwa hatua zile zile. Ulipofika mwisho, au ulipochoka, sijui tofauti, ulisema kwamba makaa yamezimika, ukatoka.

Mama yako amekuja sasa hivi kuniuliza ulikuwa unasema nini muda wote ule. Nimemjibu kwamba ni mambo ya Masika, na kwamba ukitaka utamwambia mwenyewe. Amenishangaa, maana katika ndoa yetu nzima hajawahi kuniuliza habari nikakosa kumpa.

Kesho nitabeba mfuko wako mpaka kwenye gari, nitamsumbua dereva kidogo kuhusu magurudumu, na sitasema neno la maana. Ndiyo sababu barua hii itakuwa ndani ya mfuko, kati ya unga na maharagwe. Nimekwisha kuanza kukukumbuka, mwanangu, na bado uko uani, ukipuliza makaa.

Baba yako